Mchina wangu anasema "open the car": shida haiko kwenye open, iko kwenye kai

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha Kiingereza jioni hapa Dar, wanafunzi wangu ni Wachina watatu, mmoja fundi umeme kwenye mradi wa ujenzi, wengine mtu na mke wake wana duka la vifaa vya ujenzi. Neno open linanimaliza. Kwao kila kitu ni open: open the light, open the car, I am opening meeting. Halafu juzi yule mama akaniuliza, kwa nini 'the shop is closed' ni sahihi lakini yeye akisema 'the shop is opened' namkosoa? Nikakosa jibu, nikaona aibu. Hili neno lina maana ngapi hasa na nilifundishe vipi? Na kusema kweli hata mimi nyumbani nasema open the TV."

Marahaba binti yangu. Swali la yule mama wa duka ndo zuri kuliko yote na nitalifikia, ila niache nianzie nyuma kidogo, maana ukianza na open yenyewe utazunguka mpaka uchoke. Wanafunzi wako wana neno lao moja linaitwa kai, unalitamka kwa sauti ya juu iliyonyooka, haipandi haishuki, na walipoanza Kiingereza wakaambiwa kai ni open, wakaandika kwenye daftari, basi, tangu siku hiyo kila penye kai wanaweka open. Ni hilo tu.

Usiwaone wazembe. Chukua neno letu kata. Tunakata nyama, sawa, hapo kisu kipo. Lakini tunakata tiketi, tunakata risiti, tunakata simu, tunakata kona, tunakata rufaa, tunakata tamaa, maji yanakata kiu, na arusini kuna watu wanakata mauno. Kisu kiko wapi? Hakuna anayeuliza, tumezaliwa nalo. Na tukivuka kwenda Kiingereza tunavuka nalo vilevile, nani hajamsikia mtu anasema "he cut the phone" na hajisikii vibaya? Sasa kai ni kata yao.

Angalia inavyotembea. Kai men ni kufungua mlango, hapo hakuna ugomvi. Kai deng kuwasha taa. Kai che kuendesha gari, na rubani naye ana-kai ndege. Kai hui kufanya kikao. Kai wanxiao kutania. Daktari akikuandikia dawa ame-kai dawa, akikupasua ame-kai kisu, kai dao. Ua likichanua lime-kai. Maji yakichemka yame-kai. Shule zikifunguliwa kai xue, hapo tuko nao pamoja. Kufyatua bunduki kai qiang. Risiti ya kodi kule kwao inaitwa fapiao, na kuitoa ni kai fapiao, kwa hiyo sisi tunaikata, wao wanaifungua, Mwingereza ana-issue. Hata furaha ni kaixin, moyo uliofunguka.

Ukitaka kuwafurahisha siku moja waombe wakuandikie kai kwa maandishi ya zamani, yale yanayotumika bado Taiwan na Hong Kong: 開. Pale juu na pembeni ni mlango wa mbao mbili, ndani kuna komeo, chini ya komeo mikono miwili inalitoa. Yaani ni picha kabisa ya mtu anafungua geti. Serikali ya China ilipotoa mpango wa kurahisisha maandishi mwaka 1956 mlango ukaondolewa, ikabaki 开, komeo na mikono. Mimi huwa nawatania wanafunzi kwamba mlango ulipoondoka ndo mkaanza kufungua kila kitu, wanacheka, japo wanajua matumizi yale ni ya zamani sana kuliko 1956. Na kinyume chake ni guan, kufunga, kuzima. Ukiunganisha, kaiguan, fungua-funga, unapata neno lao la swichi ya ukutani. Sasa mtu ambaye swichi yake inaitwa fungua-funga utamlaumu vipi akisema open the light?

Hapa ndo penye kiini cha jambo kwa maoni yangu. Umeme ulipofika kila lugha ililazimika kuazima kitenzi kutoka kwenye kitu ilichokuwa nacho nyumbani. Sisi tulikuwa na moto, kibatari na koroboi, tukasema washa na zima, na mpaka leo tunawasha simu na kuzima kompyuta wakati hakuna kinachowaka. Mwingereza alikuwa na koki anayoizungusha, ya maji, ya gesi, akasema turn on, turn off, na sasa anabonyeza lakini bado ana-turn. Mchina akachukua geti. Mwarabu sehemu nyingi naye husema fungua taa, Mfilipino hivyohivyo akiongea Kiingereza. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba akili yake iko sawa, kosa ni kubeba geti la kwao kulipeleka kwenye nyumba ya mwenye koki.

Haya, open ya Mwingereza inataka nini? Inataka kitu ambacho kimefungwa, kimefunikwa au kimekunjwa, na baada ya kuki-open unaweza kupita, kuchungulia, au cha ndani kinatoka. Mlango, boksi, kitabu, mwavuli, macho, bahasha, chupa ya soda. Faili kwenye kompyuta ni hivyohivyo kwa sababu tunalifikiria kama lina ndani, na open WeChat, ile programu yao ya kutumiana ujumbe, ni sahihi kabisa, wasije wakaogopa kila kitu. Kutoka hapo neno likapanda kwenye vitu visivyoshikika, open an account, open a business, open a restaurant, barabara mpya, mpaka wa nchi, na mgeni rasmi anayefungua mkutano naye ana-open the meeting. Bahati nzuri hapa kai inalingana nayo sana, akaunti wana-kai, kampuni wana-kai, na hata open fire ya askari wanayo, kai huo, moto kwa moto. Penye kulingana usipoteze muda, sema tu ndiyo hiyo, endelea.

Jaribio langu la darasani ni bisibisi, na siyo mfano, mimi nina bisibisi kweli kwenye mkoba. Mwanafunzi akisema "teacher, please open the TV" naichukua naenda nyuma ya TV naanza kulegeza skrubu ya kwanza. Wanapiga kelele no no no. Nawauliza, si mmesema open? Open TV ni hii, fundi ndo ana-open TV. Kwa laptopu ndo raha zaidi, open the laptop ipo na ni sahihi, ni kunyanyua kile kifuniko, halafu unabonyeza kitufe, hiyo ni turn on, vitendo viwili kwenye kifaa kimoja, wafanye kwa mikono yao huku wanasema. Mwanafunzi akishanyanyua kifuniko akasema open, akabonyeza akasema turn on, umemaliza kazi ambayo ubao usingeimaliza kwa wiki.

Sasa yule fundi umeme. Huyu naomba umsikilize tofauti na wenzake kwa sababu kwake hili neno linaweza kuua, na sitanii. Kwenye Kiingereza cha umeme, open maana yake vyuma vya swichi vimeachana, umeme haupiti. Closed maana yake vimegusana, umeme unapita. Open circuit ni njia iliyokatika. Kwa hiyo fundi Mwingereza akisema "the breaker is open", breaker ni ile swichi ya kukata umeme, anamaanisha umeme umekatwa hapo, na akisema "close the breaker" anamaanisha rudisha umeme. Wewe fikiria mtu aliyekariri kwamba open ni kai ni kuwasha, na close ni guan ni kuzima, anaambiwa kwenye redio kolu "it's closed now", anaelewa umezimwa, anaingiza mkono. Halafu hapohapo kwenye mradi uleule kuna valvu za maji, na valvu ikiwa open maji yanapita, ikiwa closed hayapiti, kinyume kabisa na umeme. Ukimuuliza Mwingereza kwa nini atakuambia mantiki ipo, valvu ni mlango na mlango ukiwa wazi watu wanapita, swichi ni daraja na daraja likiinuliwa hakuna anayevuka. Sawa, ina mantiki, ila nani ana muda wa kufikiria daraja huku ameshika waya?

Dawa yake unayo rahisi. Fundi wa Kichina aliyesomea anajua maneno mawili ya kazi yake, he zha, kuunganisha, na fen zha, kutenganisha. Mwambie close ni he, open ni fen, na kai aiache mlangoni kabisa akishavaa glavu. Ataelewa sekunde ileile maana dhana anayo tayari, alikuwa hajaunganishiwa tu. Na mwambie kabla ya kugusa chochote aulize kwa sentensi isiyo na open wala close, "Is the power off?" Umeme umezimwa? Hii aikariri mpaka aiseme usingizini.

Tuje kwa mama wa duka. Kwa nini the shop is closed lakini the shop is open, bila ed?

Ukweli ni kwamba Kiingereza hapa ni bahili, kina open moja inafanya kazi za maneno yetu matatu. Sisi tuna fungua, tuna funguka, tuna wazi. "I opened the door", nilifungua. "The door opened", ulifunguka. "The door is open", uko wazi. Open ya hali, ile ya wazi, ndo iliyotangulia kuzaliwa kwenye Kiingereza, kitenzi kikatengenezwa kutoka kwake, kwa hiyo wazi ilikuwepo tayari, haikuhitaji kuongezewa mkia. Close kitenzi kilikuja kutoka Kifaransa cha kale na hali yake ikatengenezwa kwa kukibandika ed, closed, iliyofungwa. Ndugu wawili wanaokaa nyumba moja ila mmoja wa kuzaliwa mwingine wa kuja, ndo maana hawafanani. Mwambie hivyo, wafanyabiashara wanapenda kujua kitu kimetoka wapi.

Opened ipo lakini inataka tukio na mtendaji, hata kama hajatajwa. "The shop was opened in 2019", kuna siku lilifunguliwa rasmi, labda na utepe ulikatwa. "The shop is opened every morning by the guard", mlinzi ndo anafungua. Lakini mteja anayepiga simu anataka kujua kama akija atakuta watu, hataki historia ya mlango, kwa hiyo "Yes, we're open". Kinachowaponza ni kwamba Kichina kinabandika vidogo nyuma ya kitenzi, men kai zhe, mlango uko wazi, men kai le, mlango umefunguka, wakija kwenye Kiingereza wanatafuta pa kubandika hicho kidogo wanaona ed inafaa. Sisi nasi hatuko salama, maana tunasema "wamefungua?" "ndiyo, pamefunguliwa", me yetu inameza tukio na hali kwa pamoja, ndo maana uliganda kujibu. Ile kai zhe ukiipeleka kwenye taa ndo kabisa, deng kai zhe wanasema "the light is open", wakati inatakiwa "the light is on". Kwa hiyo kwenye karatasi moja waandikie on na off upande huu, open na closed upande ule, kisha wabandike vitu: feni, friji, jenereta, AC huku, geti, dirisha, duka, droo kule. Koki ya maji iache katikati, turn on ndo kawaida ila ukisema open the tap sehemu nyingi wanakuelewa, sikomalii.

Na wakati uko naye muulize kama huwa anawauliza wateja au jirani "What time do you open the door?" Nina hakika anasema. Kwao duka kufungua biashara ni kai men, fungua mlango, na mlango lazima utajwe. Kiingereza kinauacha mlango nyumbani, "What time do you open?", kama sisi, mnafungua saa ngapi, kwisha. Pia amtofautishie mteja "we open at eight", saa mbili ndo tunafungua, na "we're open from eight to six", muda wote huo tuko wazi. Hiyo ya pili ndo aiandike kwenye kibao cha mlangoni.

Kikao nitakipitia haraka. "I am opening meeting" ni kai hui, na anachotaka kukuambia ni kwamba yuko kikaoni usimpigie. "I'm in a meeting." Kama ni ratiba, "we have a meeting every Monday". Open the meeting amwachie mwenyekiti.

Gari nina kisa. Miaka iliyopita nilikuwa nafundisha kwenye kambi moja ya wajenzi, jioni kama wewe, siku hiyo injinia amechelewa anataka kuondoka, anaingia kiti cha nyuma anamwambia dereva wetu "open the car, open the car". Dereva mtu wa heshima zake, akashuka akafungua mlango wa nyuma. Hapana, open the car! Akafungua boneti. Injinia anapiga saa yake kwa kidole, open! Dereva akaenda kufungua buti. Nilipofika gari lilikuwa limefunguka kila upande kama kuku aliyetanuliwa wa kuchoma, wawili wamenuna. Injinia alikuwa anamaanisha kai che, ondoa gari, twende. "Let's go" ingetosha. Kwa hiyo gari lina vitatu, unlock na open ni milango, start ni injini, drive ni safari, na Mchina wako anavyo vyote vitatu kichwani ila kwa Kiingereza ameviweka mfuko mmoja.

Cha maji pia ukiangalie. Wachina wengi wanapenda maji ya moto kunywa, na maji yaliyochemshwa kwao ni kai shui, kwa hiyo usishangae kusikia mtu anaomba "open water" hotelini. Niliona kwa macho yangu mhudumu akileta chupa ya maji baridi kabisa inatoka jasho, akaifungua mbele ya mgeni kwa adabu zote, krak, haya open water hiyo. Mgeni ameitazama kama ametukanwa. "Hot water" au "boiled water", wafundishe mapema maana hilo linahusu tumbo.

Kuhusu namna ya kufundisha, mimi ningekushauri usiwape orodha ya maana za open, kamusi inazo nyingi mno na hakuna anayejifunza hivyo. Wape orodha ya kai. Waambie waje na kai zote wanazotumia kwa siku moja, kuanzia kuamka mpaka kulala, waziandike kwa Kichina, halafu mkae mziamue moja moja hii kwa Kiingereza ni nini. Wataleta ishirini bila shida. Utakuta labda saba zinabaki open, nyingine zinakuwa turn on, drive, start, have, write, boil, joke. Na wazikariri zikiwa mbilimbili, kitenzi na kitu chake, turn on the fan, hold a meeting, write a receipt, wasikariri kitenzi peke yake. Hili kwao ni jepesi kwa sababu hizo kai che na kai hui zenyewe ni maneno mawili yaliyoshikana yanayoweza kuachana, kati ya kai na hui unaweza kuchomeka kitu, kwa hiyo wamezoea maneno yanayotembea na mwenza.

Alafu usisahihishe vyote kwa nguvu sawa. "Open the light" nikiisikia kwa mwenye duka Kariakoo naipita, kila mtu ameelewa na taa imewaka. Kama anajiandaa na mtihani hapo sawa, banana naye. Lakini breaker, gari, maji ya moto, na dawa ya daktari, hizo usiziache zilale.

Na wewe na "open the TV" yako nyumbani, hiyo umeitoa kwenye Kiswahili chetu, si tunasema fungulia redio, fungulia muziki? Ukiwa sebuleni kwako hakuna neno. Ila ukiwa mbele ya wale watatu jichunge, maana wanakuandika kila unachosema, na yule fundi anaonekana ndo mwenye daftari nene. Kesho anza naye yeye, he na fen, kabla ya salamu.